Jinsi ya kupima kama mto umepata nafuu baada ya shughuli za watu kupungua

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na kila mara katazo hilo linaposimamiwa kwa dhati mambo hufuatana vilevile: bustani za mchicha zinang'olewa, matanuri ya matofali yanazimwa, vijana wanaoosha pikipiki mtoni wanahamishwa, na baada ya miezi michache mtu anasimama darajani, anatazama chini na kutangaza kwamba maji sasa ni safi. Huenda anasema kweli. Huenda pia mvua zimekoma tu, tope limetulia, na uchafu usioonekana kwa macho uko palepale. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya jumuiya za watumia maji, kamati za mazingira za vijiji na mitaa, na walimu wa sekondari wanaotaka kulijua jibu kwa kupima, si kwa kukisia, na kwa vifaa ambavyo vingi vinaweza kutengenezwa au kununuliwa bila fedha nyingi.

Somo la mwaka 2020

Jaribio kubwa kuliko yote ya aina hii halikupangwa na mtu yeyote. Tarehe 25 Machi 2020 India ilisimamisha karibu shughuli zote zisizo za lazima kwa sababu ya Uviko-19, na hali hiyo ikaendelea kwa hatua mpaka mwisho wa Mei. Viwanda vilinyamaza, vivuko na boti za watalii zikafungwa, na mara picha zikaanza kusambaa za Mto Yamuna mjini Delhi ukionekana wa buluu. Katika Ziwa Vembanad, jimbo la Kerala, picha za setilaiti zilionyesha kwamba chembechembe zinazoelea majini zilipungua kwa wastani wa takriban asilimia 16. Watu wengi wakahitimisha kwamba mito hujiponya yenyewe ikiachwa.

Bodi kuu ya kudhibiti uchafuzi ya nchi hiyo ilipolinganisha vipimo vya mito 19 kabla ya marufuku na wakati wa marufuku, picha ikawa tofauti. Baadhi ya mito, Yamuna ukiwamo, ilionyesha nafuu; mingine, hata Ganga wenyewe ambao picha zake zilisifiwa sana, haikuonyesha nafuu kwa jumla, na sehemu nyingine hali ilikuwa mbaya kuliko awali. Sababu yake ni rahisi kuelewa: viwanda vilifungwa, lakini vyoo havikufungwa. Majitaka ya nyumbani yaliendelea kumiminika mtoni bila kusafishwa, na pale ambapo maji masafi kutoka juu yalikuwa machache, uchafu huo haukupata cha kuuchanganya ukapungua makali. Anayetaka kupima mto wake hana budi kuanza na swali hilohilo: ni shughuli ipi hasa iliyopungua, na ni uchafu upi uliokuwa ukitoka kwenye shughuli hiyo?

Anza kabla ya katazo

Kosa linaloharibu kazi nyingi ni kuanza kupima baada ya watu kuondolewa. Kipimo kisicho na cha awali cha kulinganishia hakithibitishi chochote, hata kikichukuliwa kwa mashine ya bei ghali. Ikiwa halmashauri imetangaza kwamba kuanzia Julai bustani za kando ya mto zitaondolewa, vipimo vianze miezi kadhaa kabla, angalau mara moja kila wiki mbili, na ikiwezekana vihusishe msimu mmoja wa mvua na mmoja wa kiangazi.

Thamani ya kumbukumbu hizo huonekana siku ya mgogoro. Machi 2022 maji ya Mto Mara upande wa Tanzania yaligeuka rangi na samaki wakafa. Kamati iliyoundwa na Serikali ikataja kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na kuoza kwa mimea ya majini kuwa miongoni mwa sababu, na wananchi wengi wakabisha kwa nguvu. Mabishano ya namna hiyo hupungua sana pale ambapo wanakijiji wenyewe wana daftari la vipimo vya miaka iliyotangulia, kwa sababu kila upande unalazimika kuanzia kwenye tarakimu zilezile.

Asiyetarajia katazo lolote anaweza kutumia mapumziko madogo yanayotokea yenyewe. Mahali penye gulio la kila wiki kando ya mto, pima siku ya gulio na siku ya katikati ya wiki. Mahali penye kiwanda kinachofungwa wakati wa sikukuu, pima wiki moja kabla, siku za kufungwa, na wiki moja baada ya kufunguliwa. Machimbo yanaposimamishwa kwa muda, hiyo ni nafasi ambayo huenda isijirudie.

Vituo vitatu, si kimoja

Mwaka wa kwanza nilipofanya kazi hii na wanafunzi, mahali pa kuoshea magari palifungwa mwezi Mei nasi tukapima Mei na Agosti. Uwazi wa maji ulikuwa umepanda kutoka sentimita 15 hadi 50, nami nikasimama kwenye mkutano wa kijiji kuutangaza ushindi huo. Mzee mmoja akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, na kule juu ambako hakuna anayeosha kitu, maji hayakung'aa?" Sikuwa na jibu, kwa kuwa kule juu hatukupima. Novemba mvua zilipoanza, mto ukawa wa rangi ya kahawia kama zamani.

Tangu hapo sikubali vipimo vya kituo kimoja. Chagua kituo cha kwanza juu ya eneo lililokuwa na shughuli, mahali ambapo hakuna kilichobadilika; cha pili ndani ya eneo lenyewe; na cha tatu chini yake, umbali wa kutosha ili maji ya kijito au mfereji wowote unaoingia yawe yamechanganyika vizuri na ya mto. Kinachotafutwa si tarakimu ya kituo cha tatu peke yake bali tofauti kati ya kituo cha tatu na cha kwanza. Ikiwa kabla ya katazo kituo cha chini kilikuwa na uchafu mara nne ya kituo cha juu, na baada ya katazo vinakaribiana, hapo katazo limefanya kazi. Ikiwa vyote viwili vimeng'aa kwa kiasi kilekile, kilichobadilika ni msimu. Mwenye uwezo aongeze kijito cha jirani ambako shughuli zinaendelea, akipime siku zilezile.

Angalia pia waliohama wamekwenda wapi. Watu wakiondolewa kilomita 2 za mto wakaanza upya kilomita 3 juu yake, kituo chako cha kwanza kimeshachafuliwa, na tofauti uliyoisubiri itapotea au itaonekana kinyume.

Nini kipimwe, na kila kitu na mwendo wake

Uchafu haupungui wote kwa pamoja, na hapa ndipo wengi hukata tamaa mapema au hushangilia mapema.

Tope linaloelea ni la haraka kuliko yote. Likikosa wa kulitibua, iwe ni wachota mchanga, ng'ombe wanaovuka au boti, hutulia ndani ya saa au siku chache. Lipime kwa mrija mwangavu wa urefu wa sentimita 60 hadi 100 uliozibwa chini na kuwekwa alama nyeusi na nyeupe kwenye kizibo: mimina maji polepole huku ukitazama kutoka juu, simama pale alama inapopotea, kisha soma kina kwa sentimita. Jua lisipige mrija moja kwa moja, na anayesoma awe mtu yuleyule kila mara. Jihadhari na jambo moja: ukingo uliokuwa umelimwa ukiachwa wazi bila majani, mvua za kwanza zinaweza kuongeza tope badala ya kulipunguza, mpaka nyasi na matete yashike udongo.

Bakteria wa kinyesi hupungua baada ya siku au wiki chache ikiwa chanzo kimekatwa kweli, kwa maana jua na muda huwaua, ingawa waliojificha kwenye tope la chini huweza kudumu zaidi na kuibuka mto unapotibuliwa. Kuna vibamba vidogo vyenye chakula cha bakteria ambavyo huwekewa mililita 1 ya maji na kuachwa kwenye joto la nyuzi 35 hadi 37 kwa saa 24 hadi 48. Kwenye aina inayotumika sana, vidoa vya buluu vyenye kiputo cha gesi ndivyo E. koli, bakteria anayeashiria kinyesi. Idadi ya vidoa huzidishwa kwa 100 ili kupata kiwango cha mililita 100. Usomaji huu una mtego wake: kibamba kisicho na kidoa hata kimoja hakimaanishi kwamba maji hayana bakteria, bali kwamba huenda ni chini ya 100 katika mililita 100, ilhali maji ya kunywa hayatakiwi kuwa na hata mmoja. Kwa kulinganisha, India huruhusu kuoga mtoni pale bakteria wa kinyesi wasipozidi 2,500 katika mililita 100, na hupendelea wasizidi 500.

Oksijeni iliyoyeyuka majini ndiyo pumzi ya samaki, na uchafu unaooza huila. Maji yenye chini ya miligramu 5 kwa lita huanza kuwatesa samaki wengi. Kipimo hiki kinadanganya kirahisi kuliko vyote, kwa sababu mimea ya majini hutoa oksijeni mchana na kuitumia usiku, hivyo mto uleule hupima chini kabisa kabla ya alfajiri na juu kabisa alasiri. Anayepima saa 1 asubuhi kabla ya katazo na saa 9 alasiri baada yake amepima jua. Joto nalo lina sehemu yake: kwenye usawa wa bahari maji ya nyuzi 20 yanaweza kubeba takriban miligramu 9.1 kwa lita, na ya nyuzi 30 takriban 7.5, wakati miji ya nyanda za juu kama Nairobi au Mbeya hupata kidogo zaidi ya asilimia 80 ya kiasi hicho kwa sababu hewa ni nyepesi. Andika saa na joto kila unapopima.

Nitrati na fosfeti zitokazo kwenye mbolea na majitaka huenda polepole. Nitrati iliyokwisha kuzama ardhini huendelea kuvuja mtoni kwa miaka, na fosfeti iliyoshikana na tope huachiliwa kidogo kidogo. Zebaki ya wachimbaji wadogo wa dhahabu haifai kupimwa kwa vifaa vya mwongozo huu. Hukaa ndani ya tope kwa miongo mingi, na sampuli zake za tope na samaki zipelekwe maabara. Asiseme mtu kwamba mto wa machimbo umepona kwa kuwa maji yake yamekuwa meupe.

Wingi wa maji, tarakimu inayosahaulika

Bila kujua mto unapitisha maji kiasi gani, kiwango cha uchafu kwa lita kinaweza kukupa jibu la kinyume kabisa. Kupima mtiririko kwa mto mdogo si kazi ngumu. Tafuta sehemu iliyonyooka, pima mita 10 kando ya ukingo, tupa chungwa katikati ya mkondo kidogo kabla ya alama ya kwanza na uhesabu sekunde mpaka lifike ya pili. Chungwa ni zuri kwa sababu huzama karibu lote na halisukumwi na upepo. Rudia mara tano, upate wastani. Kisha pima upana wa mto na kina chake mahali kadhaa kwa fimbo yenye alama.

Tuchukue mfano wa hesabu. Mto una upana wa mita 4 na kina cha wastani cha mita 0.3, hivyo eneo lake ni mita za mraba 1.2. Chungwa limetumia sekunde 20 kwa mita 10, yaani mita 0.5 kwa sekunde. Na kwa kuwa maji ya juu hukimbia kuliko ya chini, zidisha kwa 0.85, upate 0.425. Mara 1.2 ni mita za ujazo 0.51 kwa sekunde, sawa na lita 510. Kipimo cha nitrati siku hiyo kilikuwa miligramu 4 kwa lita, kwa hiyo mto ulibeba gramu 2.04 kila sekunde, au takriban kilo 176 kwa siku.

Miezi minne baada ya bustani kuondolewa, kiangazi kimekolea na mto unapitisha lita 200 tu. Nitrati sasa inasoma miligramu 6. Anayetazama tarakimu hiyo peke yake atasema katazo limeuharibu mto. Lakini 200 mara 6 ni gramu 1.2 kwa sekunde, karibu kilo 104 kwa siku: mzigo wa nitrati umepungua kwa zaidi ya theluthi, ila maji ya kuuzimua yamepungua zaidi. Tarakimu zote mbili ni za kweli, nazo hujibu maswali mawili tofauti. Kiwango kwa lita ndicho kinachomhusu samaki na mtu anayekunywa. Mzigo wa siku unakukaribisha kwenye kiasi kinachotoka nchi kavu, ingawa na wenyewe hupanda na kushuka kwa mvua, kwa hiyo ulinganishwe na mzigo wa kituo cha juu na wa kiangazi kilichopita.

Historia ya Mto Ruaha Mkuu inatukumbusha kwamba mtiririko wenyewe unaweza kuwa ndio ugonjwa. Tangu miaka ya 1990 mto huo umekuwa ukikatika wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Wafugaji na mifugo yao waliondolewa bonde la Usangu, lililo juu ya mto huo, mwaka 2006 na 2007, na bado mto ukaendelea kukauka, kwa kuwa maji mengi yalikuwa yakichepushwa juu kwenda kwenye mashamba ya umwagiliaji. Waliondolewa watu, lakini mifereji ilibaki.

Kuchota sampuli

Hatua hii naieleza kwa ufupi, kwa kuwa ni suala la nidhamu tu. Ingia mtoni kutokea chini ya kituo, utazame mkondo unakotoka, ili tope unalotibua lipite nyuma yako. Suuza chupa mara tatu kwa maji ya mto huohuo, isipokuwa chupa ya bakteria iliyotakaswa, ambayo haisuuzwi kamwe. Chota katikati ya mkondo, kina cha sentimita 20 hadi 30, si juu penye povu wala chini penye tope. Sampuli za bakteria ziwekwe gizani kwenye kasha lenye barafu na zipimwe ndani ya saa 6. Penye kichocho usiingie bila buti ndefu, na penye mamba au kiboko usiingie kabisa: funga chupa kwenye ufito mrefu, au chota kwa ndoo kutoka darajani.

Waulize wadudu

Chupa ya maji hueleza habari za dakika ile tu. Wadudu wadogo wanaoishi chini ya mawe wameoga maji yote yaliyopita kwa wiki na miezi, pamoja na yale yaliyomwagwa usiku wa manane, na kwa hiyo mimi huwaamini kuliko kipimo kimoja cha kemikali. Weka wavu chini ya mawe, yasugue kwa mkono, mimina kilichopatikana kwenye sinia jeupe, kisha hesabu aina. Vijidudu bapa vyenye mikia mitatu na matamvua yanayotikisika ubavuni havistahimili maji yenye oksijeni kidogo. Viluwiluwi vya kerengende hustahimili kiasi. Na sinia likijaa minyoo myekundu pekee, mto una hali mbaya hata kama maji yake ni maangavu. Tanzania ina mfumo wake wa kuvipa alama viumbe hivi, uitwao TARISS, na vyuo vyenye idara za sayansi ya maji vinaweza kuwafundisha vijana wenu kuutumia. Wadudu hurudi taratibu, hivyo wahesabiwe mara mbili au tatu kwa mwaka.

Kisichotokana na watu

Kabla ya kuandika hitimisho, toa kwanza yale ambayo yangekuwapo hata bila mtu mmoja kukanyaga ukingoni. Mito inayoteremka kutoka Mlima Meru ina floridi nyingi kwa sababu ya miamba ya volkano, na kuwahamisha wakulima hakutaipunguza hata chembe. Katika Mto Mara, ndani ya hifadhi, viboko zaidi ya 4,000 upande wa Kenya huacha kinyesi kingi kwenye madimbwi yao, na mvua ya ghafla ikikisukuma chini, oksijeni huporomoka na samaki kufa bila kiwanda wala mji wa kulaumiwa. Kituo cha juu ndicho kitakachokuonyesha hali hiyo ya asili. Usidai mto uwe safi kuliko ulivyo pale juu.

Daftari

Kila mstari wa daftari uwe na tarehe, saa, kituo, jina la aliyepima, mvua ya siku tatu zilizopita, joto la maji, mtiririko, vipimo vyenyewe, na nafasi ya maelezo kama "ng'ombe 30 wamevuka dakika kumi zilizopita" au "harufu ya sabuni". Ukikosea, kata kwa mstari mmoja, usifute. Linganisha Julai na Julai, Novemba na Novemba. Nakala ya kila robo mwaka ipelekwe ofisi ya bodi ya maji ya bonde lenu, miongoni mwa mabonde tisa ya nchi, ikiwa na mihuri na sahihi za jumuiya, na daftari la asili libaki kijijini. Baada ya mwaka mzima wa kwanza tangu katazo, punguzeni safari ziwe moja kwa mwezi, lakini safari ya wiki ya kwanza ya masika msiikose mwaka wowote, kwa kuwa mvua hizo ndizo zinazosomba yote yaliyolala kandokando ya mto tangu kiangazi.